Njumu na Uta: Kwa Nini Fundi Huupamba Mpini na Kuuacha Mti

Neno njumu lafahamika kwa kila mtu aliyekaa pwani. Ni kazi ya kutia kipande cha kitu kimoja ndani ya mwili wa kitu kingine, hata nyuso zao ziwe sawasawa, na kidole kipitapo juu yake kisikute ukingo: pembe ya ndovu ndani ya mpingo, fedha ndani ya kitako cha bunduki, lulumizi ndani ya kifuniko cha sanduku. Sio nakshi, maana nakshi huupunguza mti na kuacha mabonde na vivuli. Wala sio rangi, maana rangi hukaa juu tu. Njumu huondoa mti, kisha hurudisha kitu kingine mahali pake. Aliyezoea Kiarabu husikia katika neno hili sauti ya nujum, yaani nyota. Na kwa kweli atazamaye kiti cheusi chenye vipande vidogo vyeupe hapati taabu kufikiri habari za mbingu wakati wa usiku.

Basi twasema kiti cha njumu, sanduku la njumu, bunduki ya njumu. Lakini uta wa njumu hatukupata kuusikia ukitajwa. Jambo hili lastahili kuangaliwa, kwa kuwa uta ni mkongwe kuliko bunduki katika nchi hizi kwa karne nyingi sana, na jina lake lashuhudia ukongwe huo: Wakamba husema uta, Wachewa wa upande wa Nyasa husema uta, na Wabemba walioko mbali huko magharibi husema ubuta. Upinde ni neno la pili, lililotoka katika kupinda, nalo laeleza kazi ya kitu. Uta lataja kitu chenyewe. Silaha ya kale namna hii, iliyobebwa kila siku na kupendwa na mwenyewe kama mtu apendavyo ng'ombe wake, yawezaje kukosa pambo ambalo hata bakora ya mzee imelipata?

Swali hili si la mchezo. Wasafiri wengi, na walimu wengi pia, wa Ulaya na wa kwetu, wameushika uta mtupu wa mtu wa bara, wakauweka kando ya kiti cha Lamu au ya silaha za wafalme wa Ulaya, wakakata shauri kwamba huyu ana sanaa na yule hana. Hukumu kama hiyo ikiisha kuingia darasani haitoki upesi, na mtoto hujifunza kuionea haya kazi ya babu yake. Sisi twaona kwamba uta mtupu haukuwa mtupu kwa ujinga. Uliachwa hivyo na watu waliojua njumu, tena wakajua mahali isipopasa kutiwa.

Ili jambo hili lieleweke, kwanza tuangalie jinsi uta ufanyavyo kazi. Uta una pande mbili. Upande wa nje, unaoelekea shabaha, tuuite mgongo. Na upande wa ndani, unaomwelekea mpigaji, tuuite tumbo. Upote uvutwapo, mgongo hunyoshwa na tumbo hubanwa. Katikati ya unene wa mti, kati ya mgongo na tumbo, pana mahali pasiponyoshwa wala kubanwa. Na kadiri mtu atokavyo hapo kuelekea usoni, ndivyo nguvu zinavyozidi. Maana yake ni kwamba uso wa mti, ule tuuonao na kuupapasa, ndio uchukuao mzigo mkubwa kuliko sehemu zote. Na njumu hukatwa wapi? Hukatwa usoni.

Tuseme fundi achimba kishimo chembamba katika mgongo wa uta, kina chake kama unene wa ukucha, akatia kipande cha mfupa na gundi. Nyuzi za mti zilizokuwa zikipita hapo sasa zimekatika. Mzigo wake hauondoki, bali hurukia nyuzi za jirani, nao hukusanyika katika pembe za kishimo. Hapo ndipo ufa uanzapo. Mfupa nao haunyooki kama mti unyookavyo, kwa hiyo kila mvuto huupigania gundi, na siku moja gundi huachia. Tena iko hesabu nyingine ambayo mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi ubaoni. Ukakamavu wa ubao hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiupunguza unene kwa sehemu moja katika kumi, ukakamavu hupungua kwa zaidi ya robo nzima. Ndiyo sababu fundi wa uta huuparuza mti wake polepole, akiupinda na kuutazama, akiuparuza tena kidogo, hata mikono miwili ya uta ipinde kwa mfano mmoja. Mtu aliyefanya kazi ya siku nyingi kwa namna hiyo hawezi kumruhusu mwingine kuja na patasi kuchimba maua.

Walakini si kila sehemu ya uta hupinda. Mahali pa kushikia, ikiwa pameachwa pana unene wa kutosha, hukaa kimya wakati mikono ipindapo. Na ncha kabisa, kupita mahali pa kutilia upote, nazo hazina kazi ya kupinda. Hizo ndizo sehemu zinazoweza kupambwa kwa kukatwa. Sehemu nyingine zote zataka pambo lisilokata: la kuzungushwa, la kubandikwa kama ngozi nyembamba, au la kupakwa. Twashika kanuni hii mkononi, nasi tutaiona ikifuatwa na watu wasiopata kuonana kamwe.

Tuanze na jirani zetu. Wakamba wanajulikana kwa viti vyao vidogo vya miguu mitatu, vya wazee. Juu ya uso wa viti hivyo wamegonga waya mwembamba wa shaba ndani ya mti, ukizunguka duara ndani ya duara, na vingi vyao vimekaa leo katika nyumba za makumbusho za Nairobi na za Ulaya. Hii ni njumu kamili, ijapokuwa haikujifunzwa Lamu. Mwenye kuitengeneza hukata mfereji mwembamba kwa ncha ya kisu, mwembamba kuliko waya, kisha huugonga waya hata mti uushike kwa meno yake mwenyewe. Lakini watu hao hao, waliosifiwa kwa shabaha yao katika nchi yote ya mashariki, walipochonga uta hawakuugonga waya ndani ya mti wake. Kwa kawaida waliupaka mafuta, wakauzungushia ukanda wa ngozi au kano. Kiti hakipindi, uta hupinda. Hatuoni kwamba yafaa kutafuta sababu nyingine.

Tuondoke sasa katika bara letu la mashariki twende Misri, ambako ardhi kavu imehifadhi pinde za kale kuliko nchi nyingine nyingi. Wamisri waliwaita majirani zao wa kusini watu wa nchi ya uta, maana Nubia katika lugha yao ya kale iliitwa Ta-Seti, na neno hilo lina maana hiyo. Mwezi wa Novemba 1922 Howard Carter alilivumbua kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyefariki karibu mwaka 1323 kabla ya Kristo. Ndani yake zilikuwamo pinde zaidi ya arobaini. Nyingine zilikuwa za mti mmoja tu, nyingine za namna ya kuunganishwa: mti katikati, pembe ya mnyama upande wa tumbo, kano upande wa mgongo, vyote vimeshikwa kwa gundi. Hapa twaona pambo jingi na la thamani. Lakini tuangalie lilivyowekwa. Mikono ya pinde za kuunganishwa imefunikwa kwa ganda la mti uitwao betula, mti wa nchi za baridi usioota Misri hata kidogo, ambao ganda lake lililetwa kutoka mbali kaskazini. Ganda hilo ni jembamba kama karatasi, lapinda pamoja na uta, tena lazuia unyevu usiilegeze gundi. Mafundi walilikata vipande vya rangi mbalimbali, wakavipanga kwa mistari na pembe, wakaongeza dhahabu iliyofuliwa kuwa nyembamba sana. Mtu akiutazama kwa mbali hudhani kwamba ni njumu. Si njumu, ni nguo ambayo uta umevikwa.

Uko uta mmoja katika zile ambao ncha zake zimechongwa mfano wa mateka wawili, mmoja Mwasia na mmoja Mnubi. Upote ulifungwa shingoni mwao, hata mfalme alipouvuta, adui zake wawili walinyongwa mbele yake. Fikira hiyo ni ya ukatili, wala hatuisifu. Lakini mchongaji wake alikuwa fundi wa kweli, maana kazi yake yote aliiweka nchani, mahali ambapo patasi haikuweza kuudhuru uta wa bwana wake. Uko na mwingine uliofunikwa dhahabu ya sonara mwili mzima. Huo, kwa maoni yetu, ulikuwa wa kubebwa katika shangwe za mfalme tu, kwa maana dhahabu haijui kunyoshwa na kurudi.

Waturuki, waliokuwa mabingwa wa uta mfupi wa kuunganishwa, walishika njia ile ile. Mikono ya pinde zao walifunika kwa ngozi au ganda, wakaipaka rangi na maua ya dhahabu, wakaifunika kwa vanishi. Kitu kigumu cha kuingizwa kilipata nafasi moja tu: kijipande chembamba cha mfupa au cha pembe ya ndovu, kilichotiwa katikati ya mpini mahali ambapo pembe mbili za tumbo hukutana. Wenye kutazama hukiona kama pambo, na fundi alikihitaji kama kiungo.

Waingereza nao, ambao uta wao mrefu uliogopwa na Ufaransa nzima, hawakuupamba kabisa. Twalijua hilo kwa hakika kwa sababu ya ajali ya bahari. Merikebu ya vita iitwayo Mary Rose ilizama tarehe 19 Julai 1545, ikainuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, na ndani yake zilipatikana pinde nzima zaidi ya mia moja, za mti ambao Waingereza huuita yew. Ganda la ndani la mti huo, lililo jeupe, liliwekwa mgongoni kwa kuwa lastahimili kunyoshwa. Moyo wake mwekundu ukawekwa tumboni kwa kuwa wastahimili kubanwa. Uta huo hupinda hata mahali pa kushikia. Kwa hiyo, hata mpini wake haukuwa na nafasi ya njumu. Zilikuwapo ncha za pembe ya mnyama zilizovishwa juu, na alama ndogo za kudungwa karibu na mahali pa kushikia, basi. Hakuna asemaye kwamba Waingereza wa karne ya 16 hawakuwa na sanaa kwa sababu pinde zao zilikuwa tupu. Hukumu hiyo tumewawekea wengine.

Mahali ambapo njumu na uta vilikutana kweli ni katika uta wa namna nyingine, ambao tutauita upinde wa mtambo. Huu ni uta mfupi, wenye nguvu nyingi, uliofungwa kwa ubavu juu ya gogo mfano wa kitako cha bunduki. Upote huvutwa kwa kamba au kwa gurudumu, hukamatwa na mtambo, na mpigaji hungoja mpaka atakapo, kisha huufyatua kwa kidole. Mtu asiye na mazoezi ya miaka mingi aweza kuutumia, na kwa ajili hiyo ulileta hofu kubwa. Baraza la pili la Laterano, lililokutana Roma mwaka 1139, katika kanuni yake ya 29 lilikataza kazi ya wapiga upinde wa mtambo na wapiga uta juu ya Wakristo. Wafalme Wakristo waliisikia kanuni hiyo, wakaendelea kuwaajiri.

Basi katika silaha hii upinde wenyewe umetengana na gogo. Upinde wapinda, gogo halipindi kamwe. Fundi akapata uwanja mrefu wa mti mtulivu, naye hakuuacha bure. Katika nchi za Wajerumani, tangu karne ya 15, magogo hayo yalifunikwa kwa vibao vya pembe ya ayala na vya mfupa, vimekatwa kwa msumeno mwembamba, vimechorwa kwa sindano ya chuma, na michoro imejazwa wino mweusi. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York umo upinde wa mtambo wa mwaka 1460 uliofanywa kwa ajili ya Ulrich wa Tano, mtawala wa Württemberg. Gogo lake limejaa ngao za ukoo na maandiko, na miongoni mwake yamo maneno ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania, jambo la ajabu juu ya silaha ya Mzungu. Mikono ya upinde wenyewe ni ya pembe na kano, nayo imevikwa ganda la betula, kama zile za Misri zilizotangulia kwa miaka elfu mbili na mia saba. Humo humo umo na mwingine wa mwaka 1489, wa Matthias Corvinus, mfalme wa Hungaria.

Bunduki ilipoushinda upinde wa mtambo, mafundi wa magogo hawakufa njaa. Walichukua pembe zao za ayala na misumeno yao, wakahamia katika vitako vya bunduki, na bunduki za uwindaji za Ujerumani za karne ya 16 zimepambwa kwa mkono ule ule. Hapa lugha yetu yatupa ushahidi. Mswahili naye alisema bunduki ya njumu, kwa kuwa kitako cha bunduki, kama gogo la upinde wa mtambo, ni mti usiopinda. Maneno hayo mawili yalikubaliana kuolewa; njumu na uta hayakukubaliana.

Sasa turudi pwani, kwenye kazi iliyo bora kuliko zote za namna hii katika nchi zetu, nayo ni kiti cha enzi. Viti hivi vilifanywa Lamu, Pate na Siyu, na vingi vilivyosalia ni vya karne ya 18 na ya 19. Umbo lake ni la mraba, mgongo umesimama wima, miguu ina mahali pa kuwekea nyayo, na nafasi za kukalia na za kuegemea zimesukwa kwa kamba nyembamba za pamba. Mti wake ni mpingo, na njumu yake ni ya pembe ya ndovu na ya mfupa: mstari, pembe nne, nyota. Hakuna sura ya mtu wala ya mnyama. Alikalishwa mgeni mkubwa, au bwana arusi, au mtu wa elimu. Mwenye nyumba mara nyingi hakukikalia mwenyewe.

Na fundi aliyekifanya alikuwa na uta mkononi mchana kutwa. Twasema hivi kwa sababu chombo chake cha kutobolea, keekee, huzungushwa kwa uta: kijiti cha kuzunguka chaitwa msukano, kitasa cha juu kinachokandamizwa kwa kiganja ni jivu, na kile kinachovutwa mbele na nyuma, chenye kamba iliyozungushwa juu ya msukano, ni uta. Kila shimo la kila nyota katika kiti cha enzi lilianzwa kwa uta. Lakini uta huo wa keekee, uliowakaa mafundi wa njumu mkononi miaka arobaini, ni kijiti kitupu kilichopinda. Kama mtu ye yote angeweza kutia njumu katika uta kwa furaha yake mwenyewe, ni fundi huyu.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Pembe ile nyeupe ilitoka wapi? Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu. Na nyuma ya misafara, porini kati ya mto Sabaki na Tsavo, walikuwako Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu. Hao waliwinda ndovu kwa miguu, kwa uta wa mti mmoja na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Pinde zao zilikuwa nzito ajabu. Nyingine zilitaka nguvu ya kuvuta ratli 100 na zaidi, ambayo ni sawa na pinde za askari wa Kiingereza wa kale, au kuzipita. Mwindaji alikaribia hata akasikia tumbo la ndovu likinguruma, akavuta mara moja. Uta ambao ungevunjika wakati ule, kwa sababu ya kishimo cha nyota mgongoni, ungekuwa umemwua mwenyewe. Basi twaona neno ambalo wenye kulinganisha kiti cha Lamu na uta wa bara hawakulifikiri: sehemu ya weupe wa kiti kile ilinunuliwa kwa uta huu. Mkono mtupu wa Mwata ulikuwa mwanzo wa njumu ya Siyu. Mwenye kuwagawanya watu hawa wawili, akasema mmoja ana sanaa na mwingine hana, ameikata kazi moja vipande viwili na kuhesabu kipande kimoja tu.

Habari za mwisho wa uwindaji ule twazipita upesi, kwa kuwa ni ndefu na zina huzuni. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 Waata wengi walikamatwa na kufungwa kwa kosa la kuwinda. Na mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Mwaka 1989 Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe mbele ya watu, na mwaka ule ule mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Tangu hapo fundi mwaminifu hutumia mfupa wa ng'ombe. Mfupa una vitundu vidogo ambavyo pembe haina, lakini ukichemshwa na kuondolewa mafuta, ukaanikwa kivulini, huwa mweupe na hushika gundi vizuri.

Kwa wasomaji wetu wa makanisa tungependa kuongeza neno dogo. Nabii Amosi aliwakemea waliolala juu ya vitanda vya pembe, na kitabu cha Wafalme chataja nyumba ya pembe ya Ahabu. Watu walikuwa wakiuliza nyumba yawezaje kuwa ya pembe. Katika miaka ya 1930 wachimbaji walipata Samaria vipande vingi vya pembe ya ndovu vilivyochongwa, ambavyo vilipachikwa katika samani na mbao: njumu yenyewe. Mwalimu anayefundisha habari za Amosi aweza kuanza na kiti cha enzi, na wanafunzi wa pwani watafahamu mara moja ni nani aliyekuwa akilala juu ya nini, na kwa fedha ya nani.

Imebaki kusema habari za pinde za mikono za siku hizi. Mwezi wa Agosti 1911 katika mji wa Oroville, California, alitokea porini Mwindi mmoja wa kabila la Yahi, wa mwisho wa watu wake, ambaye watu walimwita Ishi. Kabla ya kufariki mwaka 1916 alimfundisha daktari Saxton Pope kuchonga uta na kuwinda kwao, naye Pope aliandika kitabu mwaka 1923 ambacho kiliwaamsha Wamarekani wengi kupenda kazi hii. Uta wa Ishi ulikuwa wa mti wa jamii ya mwangati wetu, umebandikwa kano mgongoni. Haukuwa na njumu. Lakini warithi wake, tangu katikati ya karne ya 20, walianza kuifunika mikono ya uta kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa, na mpini wakaufanya kuwa gogo nene lisilopinda, lililounganishwa kwa miti ya rangi mbalimbali. Mara gogo lilipopatikana, njumu ikaja. Leo mafundi wa Ulaya na Marekani hupamba mipini kwa lulumizi, kwa pembe ya mnyama, na kwa mpingo uliotoka Tanzania na Msumbiji. Na ncha za uta huzivika vibao vya mpingo ili upote usizile.

Kazi yao ni ile ile ya Siyu. Kipande hukatwa kwanza, kishimo baadaye. Anayeanza na kishimo atahangaika siku nzima akitafuta kipande kikiingie. Kipande hulazwa juu ya mti na kuzungukwa kwa ncha ya sindano, si kwa kalamu, maana mstari wa kalamu ni mnene. Kando za kishimo hukatwa kwa kisu, wima kabisa, na katikati huondolewa kwa patasi nyembamba. Kina kiwe pungufu kidogo kuliko unene wa kipande, ili kipande kisimame juu ya mti kiasi cha unene wa karatasi. Vipande viwe vidogo, kwa kuwa mti huvimba na kusinyaa kwa majira, lakini mfupa na ganda la chaza havifuati. Lulumizi isuguliwe kwa maji, kwa kuwa vumbi lake lina madhara kwa mapafu.

Twayaandika haya kwa ajili ya walimu wa kazi za mikono. Tumeona katika maonyesho ya shule uta uliochongwa maua toka ncha hata ncha, ukapewa zawadi, na hakuna aliyethubutu kuuvuta. Mwanafunzi atakaye kuonyesha njumu na apewe kifuniko cha podo, au kiti, au mpini ulioachwa unene wa vidole vitatu. Na akichonga uta mtupu ulio sawa pande zote mbili, anayehukumu asiutazame ukiwa mezani. Autie upote, auvute, na asimame nyuma aangalie jinsi mikono ipindavyo. Kama njumu iko mpinini, gundi iachwe ikauke siku nzima kabla ya kuparuzwa, kisha isuguliwe kwa majani ya msasa kufuata nyuzi za mti.